Shajara ya mradi: nani anasukuma, nani anarudisha

Februari, wiki ya kwanza

Klabu ya fizikia imepewa meza mbili kwenye maonesho ya shule yatakayofanyika Julai. Mada yetu: chembe zenye chaji hupataje kasi kubwa, huko angani na ndani ya mashine. Meza ya kwanza itabeba kitu cha kutazamwa kwa macho: bakuli, mpira wa tenisi ya meza na umeme tuli. Ya pili itakuwa na kompyuta yenye programu tutakayoiandika wenyewe, ya kuiga wimbi la mshtuko la nyota iliyolipuka. Nilitamani na chemba ya wingu, ili wageni waone michirizi ya chembe zinazotoka angani, lakini barafu kavu hapa Tanga si kitu cha kuagiza kwa mfuko wa klabu. Imekatwa kwenye orodha.

Ubaoni nimeandika swali moja na nimeomba lisifutwe: nani anasukuma, na nani anarudisha?

Linatoka kwenye jambo ambalo kila mwanafunzi wa kidato cha sita amelisoma na wachache wamelitafakari. Uga wa umeme ndio unaoipa chembe nishati. Uga wa sumaku haumpi mtu kitu. Nguvu yake iko pembeni mwa mwendo siku zote, kwa hiyo unapinda njia na kuiacha nishati vilevile ilivyokuwa. Sasa angalia LHC, ile mashine ya kuongeza kasi ya protoni ya CERN, kituo cha Ulaya cha utafiti wa chembe, yenye mzingo wa kilomita 27 mpakani mwa Uswisi na Ufaransa. Sumaku zake za kupinda njia ni 1,232, kila moja na urefu wa mita 15 hivi, zimepozwa hadi nyuzi 1.9 tu juu ya sifuri halisi. Vyumba vya kusukuma kwa uga wa umeme? Vinane kwa kila mkondo wa protoni. Hesabu hiyo ndiyo iliyonifanya nichague mada hii. Sehemu kubwa ya pete imejengwa kwa ajili ya kitu kisichoongeza nishati hata kidogo.

Februari, mwishoni

Bakuli limepatikana: la plastiki, pana, la mviringo mzuri. Ndani tumebandika tepe za aluminiamu zinazotoka ukingoni kuelekea chini. Tepe zimepangwa kwa kupokezana, moja imeungwa na Van de Graaff, mashine ya maabara ya kuzalisha umeme tuli, inayofuata imeungwa na ardhi, hivyo hivyo hadi mzunguko ukamilike. Mpira umepakwa rangi yenye grafaiti ili upitishe umeme.

Inavyofanya kazi: mpira ukigusa utepe wenye volti, unachukua chaji ya aina ileile, unasukumwa. Utepe wa ardhi unauvuta. Ukiufikia, unaimwaga ile chaji, unapita kwa kasi uliyonayo hadi utepe mwingine wenye volti, unasukumwa tena. Kila mwanya ni msukumo mdogo. Umbo la bakuli ndilo linaloufanya mpira uzunguke badala ya kuruka nje, na hapo ndipo swali la ubaoni linapojibiwa kwa vitendo: tepe zinasukuma, bakuli linarudisha.

Kuna tofauti moja na mashine za kweli ambayo lazima ielezwe kwenye bango, vinginevyo tutawapoteza watu. Mpira wetu unabadilisha chaji yake kila ukivuka. Protoni haina uhuru huo. Chaji yake ni ileile tangu mwanzo hadi mwisho. Kwa hiyo kwenye mashine halisi kinachobadilika ni uga wenyewe: unageuzwa kutoka chanya kwenda hasi kwa wakati muafaka, ili chembe ikifika kwenye kila mwanya ikute msukumo wa mbele.

Machi

Tunaandaa bango la historia. Wanafunzi walitaka lianzie CERN. Nimewarudisha nyuma kidogo.

Mwaka 1928 Rolf Wideröe, mhandisi kijana wa Norway aliyekuwa akisoma Aachen, Ujerumani, alichapisha matokeo ya jaribio lake kwenye bomba la kioo. Alitumia volti 25,000 zinazogeuka mara milioni moja hivi kwa sekunde, akazipitisha ioni za potasiamu kwenye mianya miwili. Ziliondoka na nishati ya elektroni-volti 50,000. Volti zilezile zilitumika mara mbili. Wazo lilikuwa limependekezwa na Gustav Ising wa Sweden mwaka 1924, lakini Wideröe ndiye aliyeonesha kwamba linafanya kazi.

(Bangoni tumeeleza kipimo: elektroni-volti moja ni nishati inayopata elektroni ikisukumwa na volti moja. Betri ndogo ya redio inatoa 1.5. Kifupi chake ni eV.)

Ernest Lawrence wa Berkeley, California, aliliona andiko hilo. Kijerumani chake kilikuwa kidogo, aliusoma mchoro. Akaona kwamba mianya ikiongezeka bomba litakuwa refu kupita chumba, akauliza: kwa nini nisitumie mwanya mmoja na kuirudisha ioni hapohapo? Sumaku ikafanya kazi ya kurudisha. Mwanzoni mwa 1931 yeye na mwanafunzi wake Stanley Livingston walipata ioni za hidrojeni za eV 80,000 kwenye saiklotroni, yaani mashine ya kurudisha namna hiyo, yenye kipenyo cha sentimita 11 hivi, kwa volti zisizofika 2,000. Uzuri wake uko hapa: chembe ikiongeza kasi, duara lake nalo linapanuka, hivyo muda wa kumaliza mzunguko haubadiliki. Unawasha masafa mamoja na kuyaacha.

Mwaka 1932, Cambridge, John Cockcroft na Ernest Walton walivunja kiini cha lithiamu kwa protoni zilizosukumwa mara moja tu, kwa volti laki kadhaa. Njia ya nguvu. Ilifika mbali na ikaishia hapo, kwa sababu volti zikizidi sana cheche zinaruka.

Saiklotroni nayo ina ukomo. Chembe ikikaribia kasi ya mwanga inakuwa nzito, inaanza kuchelewa, inakuta uga umeshageuka. Dawa iligunduliwa na watu wawili waliokuwa mbalimbali: Vladimir Veksler, Urusi, 1944, na Edwin McMillan, Marekani, 1945. Walionesha kwamba masafa yakipangwa vizuri, chembe yenye nishati ya ziada itapewa msukumo pungufu na yenye upungufu itapewa zaidi. Fungu lote linajirekebisha lenyewe. Mashine kubwa za leo zinasimama juu ya jambo hili, na naona halipewi heshima inayostahili kwenye vitabu vya shule. Watu wanakumbuka ukubwa wa pete, wanasahau saa.

Aprili

Masika imeingia na bakuli limegoma. Hewa ya pwani ikijaa unyevu, chaji inavuja kabla haijajikusanya. Van de Graaff inazunguka, mpira umelala. Fundi wa maabara amekuja na drayari ya saluni ya mkewe. Tukipuliza hewa moto kwenye mkanda wa mashine na ndani ya bakuli kwa dakika kadhaa, mpira unaamka, unazunguka vizuri, kisha unachoka tena mvua ikianza kunyesha. Ikifika Julai, wakati wa kusi, hali itakuwa nafuu. Drayari hata hivyo itakuwepo chini ya meza.

Mvua ikinyesha tunafanya hesabu. Ile ya LHC ndiyo iliyowashika zaidi. Protoni huingia kwenye pete kubwa zikiwa na eV bilioni 450, baada ya kupitia mashine nne ndogo zinazopokezana; mojawapo ni sinkrotroni, mashine ya pete, ya mwaka 1959 ambayo bado iko kazini. Ndani ya pete zinazunguka mara 11,245 kwa sekunde, na kila mzunguko zinaongezewa eV 485,000 tu. Kiasi hicho ni cha daraja lilelile na zile volti za Cockcroft na Walton! Ili kufika eV trilioni 6.8 zinahitaji mizunguko kama milioni 13, ambayo inachukua dakika 20 hivi. Katika muda huo kila protoni imesafiri kilomita milioni 350, zaidi ya mara mbili ya umbali wa kwenda Jua.

Msukumo ni mdogo. Kurudi ni kwingi.

Mei, wiki ya kwanza

Tumehamia angani.

Agosti 1912 Victor Hess alipanda kwa puto hadi zaidi ya mita 5,000, akiwa na vyombo vya kupima mionzi, akakuta kadiri anavyopanda mionzi inaongezeka. Kitu kilikuwa kinatoka juu. Leo tunajua kwamba sehemu kubwa ni protoni, karibu tisa katika kila kumi, na zilizobaki nyingi ni viini vya heliamu. Zinazofika usawa wa bahari ni mabaki ya migongano yao na hewa, hasa muoni (chembe inayofanana na elektroni ila nzito zaidi), kama moja kwa dakika kwenye kila sentimita ya mraba. Ukiweka kiganja juu ya meza, kinapitwa na muoni moja au zaidi kila sekunde.

Eneo letu lina nafasi yake katika habari hii. Karibu na ikweta uga wa sumaku wa Dunia uko sambamba na ardhi, na protoni inayokuja wima ikiwa na eV chini ya bilioni 15 hivi inapindwa na kurudishwa ilikotoka. Jacob Clay aliliona hilo kwenye miaka ya 1920 akiwa melini kati ya Java na Uholanzi: mionzi inapungua ikweta inapokaribia. Mwaka 1933 Bruno Rossi alipeleka vyombo Asmara, Eritrea, akapima upande wa magharibi na wa mashariki. Magharibi ilizidi kwa karibu robo. Hiyo ilikuwa dalili kwamba chembe hizo zina chaji chanya, maana chanya na hasi hupindwa pande tofauti. Mwaka huohuo wengine walipata matokeo kama hayo Mexico. Dunia yenyewe ilitumika kama sumaku ya maabara.

Mei, wiki ya tatu

Swali la mwezi limetoka kwa binti wa kidato cha tano, na nimelala nalo usiku mmoja kabla ya kulijibu. "Mwalimu, umesema sumaku haitoi nishati. Huko angani hakuna mtu wa kuwasha volti. Sasa nishati inatoka wapi?"

Ndilo swali alilolijibu Enrico Fermi mwaka 1949. Anga la kati ya nyota lina mawingu ya gesi yenye uga wa sumaku uliovurugika, na mawingu hayo yanatembea. Chembe ikiingia kwenye wingu inazungushwa-zungushwa na kutoka upande mwingine. Kwa mtu aliye ndani ya wingu, nishati ya chembe haikubadilika. Kwa aliye nje imebadilika, kwa sababu wingu lilikuwa linakuja. Ukiupiga mpira kwenye daladala iliyosimama unarudi na kasi ileile. Ukiupiga kwenye daladala inayokujia, unarudi kwa kasi zaidi. Na uga wa sumaku unaotembea, kwa mtu aliyesimama, unaonekana kuwa na uga wa umeme ndani yake. Kwa hiyo kanuni haijavunjwa: umeme bado ndio unaosukuma, ila umekuja umebebwa na mwendo wa wingu.

Shida ni kwamba mawingu mengine yanakimbia, na chembe ikilifuata linalokimbia inapoteza. Kwa jumla chembe hupata kidogo kuliko inavyopoteza, kwa sababu migongano ya uso kwa uso ni mingi kidogo. Faida inayobaki inategemea mraba wa kasi ya wingu ukilinganishwa na ya mwanga. Wingu la kilomita 30 kwa sekunde ni sehemu moja ya elfu kumi ya kasi ya mwanga. Mraba wake ni moja ya milioni mia. Faida ya aina hiyo haikupeleki popote.

Ufumbuzi ulikuja mwaka 1977 na 1978, kwa makundi kadhaa yaliyofanya kazi kila moja peke yake, wakiwemo Germogen Krymsky na Tony Bell. Nyota ikilipuka, gesi inayotupwa nje inasukuma wimbi la mshtuko mbele yake. Chembe ikiwa upande wowote wa wimbi hilo, gesi ya upande wa pili inaonekana inakuja kuielekea. Ikivuka inapata. Ikirudi inapata tena. Daladala zote zinakuja, hakuna inayokimbia. Na kinachoirudisha chembe ili ivuke upya ni sumaku iliyovurugika pande zote mbili. Nimemwonesha binti ubao. Swali bado lipo pale na jibu ni lilelile.

Juni, mwanzoni

Programu imekamilika, ina mistari michache sana ya Python kuliko nilivyotarajia. Kwa wimbi lenye nguvu, hesabu ni nyepesi. Kila chembe ikienda na kurudi, nishati yake inaongezeka kwa kiasi kinacholingana na kasi ya wimbi ikigawanywa kwa kasi ya mwanga. Na uwezekano wa kuchukuliwa na gesi na kuachwa nyuma moja kwa moja, katika kila mzunguko huo, ni kiasi kilekile. Faida na hasara zinalingana. Kompyuta inarusha kete kwa kila chembe hadi itoke, inaandika nishati iliyofikia.

Tumeweka wimbi la kilomita 5,000 kwa sekunde, yaani moja ya sitini ya kasi ya mwanga. Kutoka eV bilioni moja hadi trilioni elfu moja chembe inahitaji kwenda na kurudi mara 830 hivi, na uwezekano wa kubaki mchezoni muda wote huo ni kama moja katika milioni. Ukizipanga zote kwenye grafu ya logi unapata mstari ulionyooka: nishati ikiongezeka mara kumi, idadi ya chembe zinazoizidi inapungua mara kumi. Hakuna aliyeupanga mstari huo. Umetoka kwenye kete tu. Mionzi inayofika Duniani nayo inafuata mstari wa namna hiyo, mkali kidogo zaidi, na sababu kubwa ni kwamba zenye nishati nyingi hutoroka kwenye galaksi yetu mapema.

Vijana walitaka kujua kama kuna aliyeliona jambo hili likitokea. Kuna ushahidi wa hatua kwa hatua. Mwaka 1995 yalichapishwa matokeo ya setilaiti ya Japani, ASCA, iliyopima eksirei kutoka kingo za mabaki ya nyota iliyoonekana ikilipuka mwaka 1006: ni eksirei za elektroni zenye kasi kubwa zinazozunguka kwenye sumaku. Mwaka 2004 darubini za H.E.S.S. zilizoko Namibia, zilizopewa jina la yule Hess wa puto, zilionesha umbo la mabaki mengine kwa miale ya gama. Lakini elektroni si protoni. Ilibidi kusubiri hadi 2013, darubini ya angani ya Fermi ilipopata, kwenye mabaki mawili yaitwayo IC 443 na W44, alama ya kuoza kwa paioni, chembe za muda mfupi ambazo huzaliwa protoni zinapogonga gesi.

Pwani yetu nayo imo. Desemba 12, 1970, siku ya uhuru wa Kenya, setilaiti ya kwanza iliyotengenezwa mahsusi kupima eksirei za anga ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi. Ikaitwa Uhuru. Miongoni mwa vitu ilivyovipima ni Nebula ya Kaa, mabaki ya mlipuko ulioandikwa na Wachina mwaka 1054, ambako nyota ndogo inayozunguka mara 30 kwa sekunde inaendelea kusukuma elektroni hadi leo. Bango hili ndilo ninaloamini litawasimamisha wageni.

Juni, mwishoni

Mwalimu mwenzangu wa baiolojia alipita akauliza yote haya yana faida gani kwa mgonjwa. Jibu fupi limewekwa pembeni ya bakuli: mashine ya tiba ya mionzi, kama zilizopo hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, ni mtoto wa bomba la Wideröe. Elektroni zinasukumwa hadi eV milioni kadhaa kwenye bomba la kama mita moja, zinagonga tangsteni, zinatoka eksirei za kuelekezwa kwenye uvimbe. Msukumo mkubwa, njia fupi, hakuna kurudi. Alitosheka.

Sehemu iliyochukua jioni nyingi ni ukomo. Oktoba 15, 1991, kifaa cha Fly's Eye huko Utah kilipima chembe moja yenye eV trilioni milioni 320, karibu jouli 51. Nishati hiyo inatosha kuinua kilo tano kwa mita moja, na ilikuwa yote kwenye kiini kimoja kisichoonekana. Vijana walikokotoa: kwa sumaku za LHC zilezile, pete ya kuizungusha protoni kama hiyo ingehitaji nusu kipenyo cha kilomita milioni 128. Ingepita nje ya njia ya Zuhura. Michael Hillas aliliweka sharti hili wazi mwaka 1984: kitu chochote kinachotaka kuongeza kasi lazima kiwe kikubwa vya kutosha, au kiwe na sumaku kali vya kutosha, kuishikilia chembe isitoroke. Mabaki ya nyota hayatoshi kwa chembe ya Utah. Wanaofikiriwa ni galaksi zenye mashimo meusi makubwa na mikondo inayofyatuka kutoka kwao, lakini mtuhumiwa hajatajwa.

Hata zile trilioni elfu moja ni shida kwa nyota iliyolipuka. Sumaku ya kawaida ya kati ya nyota ni dhaifu, inachelewa kurudisha, na wimbi linazeeka kabla kazi haijaisha. Bell alirudi kwenye suala hilo mwaka 2004 akaonesha kwamba chembe zinazotangulia mbele ya wimbi zinavuruga na kuikuza sumaku zenyewe. Zinajijengea bakuli lao. Programu yetu haina hilo bado, sumaku ndani yake ni kamilifu na haina umri, ndiyo maana mstari wa grafu hauishi.

Kinachofuata kabla ya Julai

Kuongeza umri wa wimbi kwenye programu, ili mstari ukatike mahali fulani na mgeni aweze kuusogeza ukomo huo kwa kubadilisha nguvu ya sumaku.

Kuongeza hasara ya elektroni. Kwenye handaki lilelile la kilomita 27, mashine iliyotangulia LHC, yaani LEP, ilizungusha elektroni za eV bilioni 100 na kila mzunguko zilipoteza karibu bilioni 3 kwa kutoa mwanga. Protoni za LHC, zenye nishati mara nyingi zaidi, hupoteza eV elfu kadhaa tu. Vijana wawili wameomba waifanye sehemu hii peke yao. Nimewapa kompyuta hadi Ijumaa.

Kununua mpira mwingine wa akiba. Grafaiti ya huu imeanza kubanduka.